Ngazi ya Watu, Dirisha la Vitu

Ukitembea Amsterdam kando ya mifereji, usiangalie maji peke yake. Inua macho hadi kileleni mwa kila nyumba, pale ukuta unapomalizikia kwa umbo la kengele au la vidato. Utaona boriti imechomoza nje, urefu wa mkono au zaidi, na mwisho wake pana ndoano ya chuma. Nyumba ya jirani inayo. Inayofuata inayo. Mtaa mzima unazo. Wenyewe huiita hijsbalk, yaani boriti ya kupandishia. Mgeni hudhani ni pambo, au pahala palipotundikwa taa enzi hizo. Kumbe ndiyo njia ambayo vitanda, makabati, piano na mashine za kufulia vimeingilia katika nyumba hizo kizazi baada ya kizazi. Mlangoni havipiti, ngazi havipandi. Vinaning'inizwa hewani mbele ya nyumba, kisha vinavutwa ndani kupitia dirisha lililokwisha kung'olewa.

Niliishi huko miaka miwili nikisoma, na Jumamosi nilifanya kazi na kikosi cha wahamishaji mizigo. Rafiki zangu wa nyumbani waliniita hamali wa chuo kikuu. Sikuona ubaya. Darasani nilisoma historia ya biashara ya Bahari ya Hindi, na siku ya sita nilishika kamba iliyonifundisha sehemu ya historia hiyo ambayo haikuwa kwenye orodha ya vitabu vyetu.

Tuanze na ngazi, kwa sababu yote yanatokana nayo. Ngazi ya nyumba ya zamani ya Amsterdam imesimama karibu wima, kama ya kupandia juu ya paa. Upana wake ni mabega ya mtu mmoja. Vidato vyake ni vyembamba kiasi kwamba unashuka kwa kukanyaga upande upande, mkono mmoja umeshika ukuta. Katika nyumba nyingi hupita kamba ndefu ubavuni mwa ngazi, kutoka ghorofa ya juu hadi kwenye komeo la mlango wa barabarani, ili mwenyeji avute amfungulie mgeni bila kuteremka. Aliyebuni kamba hiyo alijua hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeshuka na kupanda ngazi ile kwa hiari yake.

Kwa nini watu waliokuwa matajiri kuliko karibu wote duniani katika karne ya 17 walijijengea ngazi za namna hiyo?

Jibu liko ardhini. Mji umejengwa juu ya matope. Kila ukuta umeegemea nguzo za mti zilizopigiliwa chini mpaka zikafika kwenye mchanga mgumu. Jumba lao kubwa la halmashauri, ambalo leo ni kasri la kifalme, lilianza kujengwa mwaka 1648 juu ya nguzo 13,659. Watoto hufundishwa kuikumbuka namba hiyo kwa kuchukua siku za mwaka, kutia 1 mbele na 9 nyuma. Kwa gharama hiyo hakuna aliyejenga nyumba pana bila sababu. Halafu kulikuwa na moto. Moto wa mwaka 1452 uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na katika karne iliyofuata kuta za mbao zikapigwa marufuku. Zikaja kuta za matofali, nzito, zenye kudai nguzo nyingi zaidi.

Ilipofika mwaka 1613 walipoanza kuchimba mifereji mikuu, Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht, ufukwe wa mfereji ulikuwa na thamani ileile ya gati bandarini. Jahazi la mizigo lilifika mpaka mlangoni. Kila mfanyabiashara alitaka kipande chake cha maji, kwa hiyo viwanja vikakatwa vyembamba mbele na virefu kwenda nyuma. Nyumba nyingi za kawaida hazizidi mita 5 au 6 kwa upana. Mtu akibanwa ubavuni hukua kwenda juu. Na ngazi ikila nafasi, inakula chumba.

Sasa hiyo ndoano. Mwanzo haikuwekwa kwa ajili ya kitanda cha mtu. Iliwekwa kwa ajili ya bidhaa. Chini kulikuwa na unyevunyevu wa mfereji, hivyo vitu vya thamani vilihifadhiwa darini, kwenye ukavu: vitambaa, pilipili manga, kahawa, karafuu. Mtu wa Pemba akisikia neno hilo la mwisho lazima asimame kidogo. Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602, ililazimisha mikarafuu ioteshwe Ambon na visiwa vichache vya jirani tu, na kwingineko Maluku ilituma watu wakaikate ili bei isishuke. Miche iliyotoroshwa na Wafaransa katika karne ya 18 ikafika visiwa vya Bahari ya Hindi, na kutoka huko mikarafuu ikaja Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo karafuu ilipitia madirisha ya Amsterdam miaka mingi kabla mkarafuu wa kwanza haujapandwa Zanzibar. Nilikuwa nikilifikiria hilo huku nimeshika kamba yenye godoro la mwanafunzi mwenzangu.

Kitu kingine kinachowashangaza wageni ni kwamba nyumba zimeinamia barabara. Baadhi zimepinda ubavuni kwa sababu nguzo zake zimeoza, na hizo ni ugonjwa. Kuinama mbele, hata hivyo, kulikusudiwa. Ukuta ukiinama, mzigo unaopanda kwa kamba hauugongi ukuta wala kuvunja vioo vya ghorofa za chini. Kanuni za ujenzi za mwaka 1565 ziliweka kikomo: nyumba isiiname zaidi ya sehemu moja kwa 25. Nyumba ya mita 10 iliruhusiwa kuchungulia barabara kwa sentimita 40. Mimi hupenda sheria za namna hii, zilizoandikwa na watu waliokwisha kuona kabati likipita kwenye kioo cha jirani.

Sasa namna ya kung'oa dirisha.

Kwanza unaangalia ni dirisha la aina gani. La bawaba ni rahisi: unalifungua wazi kabisa, watu wawili wanalinyanyua, pini zinatoka, unalilaza juu ya blanketi. La kupandisha na kushusha, lile lililoenea tangu mwishoni mwa karne ya 17, linataka subira. Linashikwa na vibao vyembamba pande mbili. Unavibandua kwa patasi polepole, ukianzia katikati ambako kibao kinapindika, kwa sababu ukianzia mwishoni utakipasua. Nyuma ya kibao utakuta kamba inayoingia ndani ya fremu, na mwisho wa kamba hiyo kuna uzito wa chuma unaosawazisha dirisha. Kabla ya kuikata au kuifungua lazima uifunge fundo nene, la sivyo uzito unaporomoka ndani ya fremu na jioni utakuwa unaivunja fremu ya mtu kuutafuta. Nyumba nyingine zina nguzo ya katikati ya dirisha iliyoshikwa kwa bolti tu. Fundi wa miaka mia iliyopita aliiacha hivyo makusudi, akijua siku moja itakuja samani pana. Ukiitoa hiyo, ukuta wa mbele unakuwa kama umefunguliwa mlango wa ghala, na upepo wa mfereji unaingia mpaka jikoni.

Halafu mtu mmoja anapanda dari, anajinyoosha nje na kutundika kapi kwenye ndoano. Hapo ndipo watu wa chini wanapoacha mzaha. Kiongozi wetu, mzee mwenye asili ya Suriname ambaye wote tulimwita Oom, yaani mjomba, alikuwa akivuta ile kamba tupu kwa uzito wake wote na kuning'inia kidogo, miguu juu, kabla hajaruhusu kitu chochote kufungwa. Hakuna aliyemcheka.

Piano ya kusimama ina uzito wa kilo 200 na zaidi. Kapi ikiwa na kamba nne zinazobeba mzigo, anayevuta anahisi robo yake, kilo 50 hivi, na msuguano juu yake. Bei ya wepesi huo ni urefu: kwa kupandisha mita 12 unavuta kamba mita 48. Kwa hiyo wavutaji wawili wanatembea kinyumenyume barabarani, wanarudi, wanatembea tena, wapanda baiskeli wakiwalaani. Mtu wa tatu anashika kamba ya pili, iliyofungwa chini ya mzigo, na kazi yake ni moja tu, kuuvuta mzigo usizunguke wala kugusa ukuta. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Unasimama mbali, upande wa maji, shingo imekatika kwa kutazama juu, na kitu chenye nyuzi zaidi ya mia mbili ndani yake kinapita kwenye anga ukisikia kinavuma taratibu. Piano inavuma ikiguswa na upepo. Sikujua hilo kabla.

Juu wawili wanangoja dirishani, mikanda imewashika viunoni. Mzigo ukifika usawa wao hawauvuti kwanza. Wanasubiri utulie. Kisha Oom anasema neno moja, wavutaji wanalegeza kiganja kwa kiganja, na mzigo unakalishwa juu ya kizingiti cha dirisha kilichotandikwa blanketi. Baada ya hapo ni kusukuma tu, na chai.

Siku hizi kazi kubwa inafanywa na ngazi ya umeme iliyofungwa kwenye gari, yenye ubao unaopanda kama lifti. Ni salama zaidi na haina haja ya ndoano. Lakini dirisha bado linang'olewa vilevile.

Nilimtumia mjomba wangu wa Unguja video ya kabati likipanda. Yeye ni seremala, na amefanya kazi katika nyumba za Mji Mkongwe tangu kabla sijazaliwa. Alinipigia usiku huohuo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, hao watu wana kichaa?"

"Kwa nini mjomba?"

"Wanavunja nyumba ili kabati liingie. Kwa nini wasivunje kabati?"

Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa la fundi, na nimelifikiria kuliko maswali mengi ya walimu wangu. Mji Mkongwe una vichochoro ambavyo mkokoteni haupiti, ngazi zenye kona, na madirisha yenye vyuma au fito zilizozama katika kuta nene za mawe na chokaa. Ndoano hakuna. Kung'oa dirisha humo ni kubomoa ukuta. Na vyumba vyenyewe ni vyembamba kwa sababu paa na sakafu zimelala juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haibebi vizuri uzito huo ikizidi mita 3. Ndiyo maana chumba cha Unguja, cha Lamu na cha miji ya Uarabuni iliyonunua boriti zetu vina upana unaofanana: kipimo kiliwekwa na mti uliokua kwenye matope ya Rufiji au ya Lamu.

Pamoja na hayo yote, vitanda vilivyoingia humo vilikuwa vikubwa. Bibi Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 vitanda vya kwao vya mti mwekundu wa nakshi kutoka India, virefu kwenda juu kiasi kwamba mtu alihitaji kiti au mkono wa mtumishi ili akipande, na mvunguni palitosha kulala mtu mwingine. Vilipitaje? Vilifunguliwa. Na Kiswahili kina ushahidi. Tunayo tendegu kwa kila mguu, mfumbati kwa mti wa ubavuni, kitakizo kwa ule wa kichwani na miguuni. Hayo ni majina ya vitu unavyovishika kimoja kimoja mkononi. Mjomba alinieleza jinsi alivyomhamisha bibi kutoka nyumba ya ghorofa: matendegu manne yakabebwa na watoto wawili, mifumbati begani mwake, vitakizo kwa baba yangu, na bibi nyuma amekumbatia godoro la sufi akihesabu vipande kwa sauti.

Ulaya nayo ilifika huko, ila ilichelewa. Mwaka 1859 Michael Thonet wa Vienna alitoa kiti chake namba 14, vipande sita vya mti uliopindwa kwa mvuke, skrubu kumi na nati mbili. Viti 36 vikiwa vimefunguliwa vilienea katika kasha la mita moja kila upande. Mwaka 1956 Gillis Lundgren, mfanyakazi wa IKEA, alishindwa kuingiza meza ndani ya gari, akaitoa miguu. Wanahistoria wa ubunifu wanayaandika haya kama mapinduzi. Mjomba angeuliza tu walikuwa wakingoja nini.

Lakini piano haifunguliki. Wala kabati la mwaloni lililogundishwa na babu wa mtu, lenye milango ya kuchongwa. Katika Amsterdam kitu kama hicho kilikuwa ni tangazo: tumefika, na hatuhami. Ulilipandisha mara moja, siku ya ndoa pengine, majirani wote wakitazama kutoka madirishani mwao, na ukatarajia litashushwa na wajukuu.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo Oom aliniambia siku moja tumekaa ukingoni mwa mfereji tukila mkate, na ambayo baadaye niliisoma peke yangu.

Dirisha linaloingiza ndilo linalotoa. Kabla ya vita Amsterdam ilikuwa na Wayahudi wapatao 80,000, wengi wao maskini: wachuuzi, wasaga almasi, washonaji, wakiishi katika nyumba hizohizo nyembamba. Wajerumani waliivamia Uholanzi mwezi Mei 1940. Kuanzia Julai 1942 familia zilianza kuitwa na kusombwa kwa treni kuelekea kambi za mauaji, Auschwitz na Sobibor. Kati ya Wayahudi 140,000 hivi waliokuwa Uholanzi, zaidi ya 100,000 hawakurudi.

Nyumba zao ziliachwa na kila kitu ndani. Kitanda hakijatandikwa, sufuria jikoni. Wavamizi walikuwa na ofisi kwa ajili hiyo. Watu wenye karatasi walipita chumba kwa chumba na kuandika: meza moja, viti sita, kabati moja, piano moja. Operesheni yenyewe waliiita kwa herufi tu, M, kwa neno la Kijerumani la samani. Baadaye likaja lori. Katika Amsterdam lori hilo lilikuwa na jina ubavuni, la kampuni ya uhamishaji ya Abraham Puls, mwanachama wa chama cha Kinazi cha Uholanzi. Wafanyakazi wake walifanya kazi ambayo nimeieleza hapo juu, kwa mpangilio wa kinyume. Samani zikapakiwa kwenye majahazi na treni kwenda Ujerumani, wapewe watu ambao nyumba zao zilipigwa mabomu. Nchini Uholanzi peke yake zilisafishwa nyumba takribani 29,000. Katika Ulaya ya Magharibi yote, hesabu ya wahusika wenyewe ilizidi 69,000. Waliandika mpaka idadi ya mabehewa.

Watu wa Amsterdam wakapata kitenzi kipya: pulsen. Nyumba imepulswa. Lugha ikishapata kitenzi, ujue jambo limekuwa la kila siku.

Mimi nilikwama katika jambo moja dogo. Kushusha samani kwa kamba si kazi ya siri. Inachukua asubuhi nzima, inafunga njia, ina kelele. Mtaa unaona. Majirani walewale ambao labda walisimama madirishani siku kabati lilipopanda, waliliona likishuka, na walijua mwenyewe hayupo na kwa nini hayupo. Wapo waliohatarisha maisha yao kuficha watu, na historia yao inajulikana. Wapo waliofunga pazia. Na wapo waliokwenda usiku kuchukua kilichosahauliwa na Puls.

Wengine walikuwa wamekabidhiwa vitu kwa nia njema: nitunzie fedha hizi za mezani, nitunzie zulia, mpaka turudi. Waliorudi wachache walipobisha hodi, baadhi walipokelewa kwa machozi na kurudishiwa kila kijiko. Wengine waliambiwa hawajulikani. Wayahudi wa huko walitunga jina la kejeli kwa watunzaji wasiorudisha, bewariër, wakichanganya neno la kutunza na neno la Kiarya. Marga Minco, mwandishi aliyenusurika peke yake kutoka familia yake, aliandika hadithi fupi, "Het adres", ya mwaka 1957, kuhusu msichana anayekwenda kwenye anwani ambako vitu vya mama yake vinatumika na familia nyingine. Anavitambua vyote. Anaondoka bila kuchukua kimoja, akiamua kuisahau anwani hiyo. Ni kurasa chache, na sijasoma kitu kingine kinachoeleza vizuri namna meza inavyoweza kuwa ya kwako na isiwe ya kwako tena.

Majira ya baridi ya 1944 na 1945 hapakuwa na makaa wala chakula. Watu waliong'oa vitalu vya mbao kati ya reli za tramu. Kisha wakaingia katika nyumba tupu za mtaa wa Kiyahudi wakachukua mbao za sakafu, ngazi, boriti, milango na fremu za madirisha. Nyumba zilizobaki bila mifupa zikaporomoka. Ukipita leo Jodenbreestraat, barabara imepanuliwa na majengo mengi ni mapya, kwa sababu ya zamani yaliliwa na majiko ya mwaka ule.

Iko nyumba moja ambayo vijana wengi wanaijua, Prinsengracht 263, alikojificha Anne Frank na wenzake saba. Walikamatwa tarehe 4 Agosti 1944. Miep Gies na Bep Voskuijl waliwahi kuokota karatasi za Anne sakafuni, na muda mfupi baadaye vyumba vikasafishwa kwa amri ya Wajerumani. Mwaka 1960 nyumba ilipofunguliwa kuwa makumbusho, baba yake, Otto Frank, aliyerudi peke yake katika wanane hao, hakutaka vyumba vitiwe samani upya. Vimekaa vitupu hadi leo. Nilipoingia, mgeni mmoja aliyekuwa mbele yangu alilalamika kwamba hapana kitu cha kutazama.

Jumamosi nyingine, karibu na mwisho wa mwaka wangu wa pili, tulikuta mtaa umefungwa. Gari la zimamoto lilikuwa limenyoosha mkono wake wenye kikapu hadi ghorofa ya tatu, na dirisha la nyumba hiyo lilikuwa nje, limeegemezwa ukutani. Tulidhani ni moto. Kumbe alikuwa mzee mgonjwa. Ngazi haikuweza kupitisha machela bila kuisimamisha, na moyo wake usingestahimili kusimamishwa. Wahudumu wa ambulensi waliita zimamoto, jambo la kawaida kabisa huko, na akashushwa amelala, amefunikwa shuka mpaka kidevuni, akitazama mbingu. Oom alivua kofia. Alisema mama yake naye alitolewa vivyo hivyo, kisha akatuambia tuanze kufungua kamba.

Nimerudi Dar es Salaam, na dirisha la kwetu ni kitu kingine. Fundi anapomaliza kupaka plasta, kabla hata ya kioo, wenye nyumba wanaita mchomeleaji. Nondo zinazama kwenye ukuta pande nne. Tunafanya hivyo kwa sababu ya wezi, na wezi wapo. Lakini tumeishia na nyumba yenye tundu moja tu la kutokea, mlango wa mbele, nao una geti. Moto ukishika sebuleni usiku, waliolala vyumbani wanakwenda dirishani na kushika chuma. Sote tumesikia habari hizo, na kila tukizisikia tunasikitika, kisha tunaita mchomeleaji.

Mwaka jana shangazi yangu alinunua kabati Keko, la milango minne, zuri kweli, limegongelewa misumari na gundi hivi kwamba mjomba angelia akiliona. Mlango wa futi tatu ulilikataa, kwa ubavu, kwa kichwa, kwa kila namna. Vijana walijaribu saa nzima. Mwisho akaitwa fundi na grinda, akakata nondo za dirisha la chumba chake cha kulala, kabati likaingizwa kwa mikono sita, na cheche zikaacha madoa meusi ukutani.

Fundi akawasha mashine arudishie nondo zake. Nikamwomba shangazi tuzungumze kwanza. Nilimweleza habari ya mzee wa ghorofa ya tatu na ya zile nguzo za dirisha zilizoshikwa kwa bolti. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia fundi.

"Baba, huwezi kuitia bawaba, ikawa kama mlango?"

"Naweza mama. Ila mwizi je?"

"Tia kufuli kwa ndani."

Fundi akasema bawaba nzito ni bei nyingine. Wakabishana, wakaafikiana. Ilipofika jioni grili ilikuwa inafunguka yote, na shangazi akapigilia msumari kando ya dirisha ili atundike ufunguo. Aliupigilia usawa wa kifua chake. Halafu akamwita mjukuu wake wa miaka sita, akamwambia anyooshe mkono, akaung'oa msumari na kuupigilia tena chini.